Mto Pamba si mto wa kulalia

Mama alinipigia Jumamosi moja akaniuliza uko wapi mbona kelele za ngoma, nikamwambia niko mto Pamba. Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Yani mwanangu umevuka bahari yote hiyo kwenda kununua mto?" Nilicheka mpaka mtu wa pembeni akageuka. Ikabidi nianze kumweleza kwamba Pamba ndo jina la mto wenyewe, mto wa maji, uko Kerala kusini ya India, una kilomita 176, unashuka toka milimani mpaka ziwa la Vembanad, na mimi hapo nilipo nimekaa kwenye ngazi za hekalu la kijiji kinaitwa Aranmula nasubiri mitumbwi ifike. Mitumbwi nimesema mimi kwa kukosa neno, ntaieleza mbele.

Nilikua Kottayam, mji wa hukohuko Kerala, nasoma masters, nilienda 2018. Ada wanalipa wafadhili, hela ya kula inaingia kila mwezi, au ndo tulivyoambiwa. Julai 2019 haikuingia. Agosti nayo haikuingia. Unaandika imeili unajibiwa inashughulikiwa. Sasa mimi ni mtu wa Rufiji, nimelelewa na bibi, na bibi alikua na sheria moja kubwa kuliko zote, kwa watu huombi. Ukiingia nyumba ya mtu ukaulizwa umekula unasema nimekula hata kama tumbo linanguruma, ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu ndo unanawa, na ukinawa unakula tonge tatu nne unasema alhamdulillah nimeshiba. Kwahiyo hela ilivyokata mimi nikawa mtu wa ndizi na chai. Ndizi Kerala rahisi na ziko za kila aina, mpaka nyekundu. Rumeti wangu akiuliza mbona siku hizi sikuoni kantini namwambia nafunga. Mtu ukifunga wiki tatu nje ya Ramadhani kila mwenye akili anashtuka, ila jamaa hakusema kitu, alisema tu wikiendi hii twende kwetu Aranmula, kuna Vallasadya, kuna kula. Neno kula nililisikia vizuri.

Akanambia pia nivae mundu. Nikamuuliza wa nini, tunaenda kuvuna? Maana kwetu mundu ni wa kukatia mpunga, mtu hauvai labda awe kichaa. Kumbe kule mundu ni ile shuka nyeupe wanaume wanajifunga kiunoni, msuli tu ule, tofauti yake ni weupe na namna wanavyoucheza, dakika moja umeshuka mpaka kwenye kisigino, dakika nyingine wameukunja mpaka magotini, na ina maana zake. Ukitembea barabarani kunja tu hakuna neno. Ukikutana na mzee unaushusha fasta. Mimi siku ya kwanza nilimsalimia babu yake rumeti magoti yote nje, rumeti akanivuta shuka toka nyuma kidogo lidondoke kabisa, tungepata aibu ya karne.

Tulipanda treni mpaka Chengannur alafu basi jekundu la serikali, lile lisilo na vioo, mvua ikija watu wote wanashusha mapazia ya turubai kwa pamoja mnabaki gizani mnanukiana. Nyumbani kwao akatoka mama yake rumeti, nikajiandaa kutoa ile namaskaram, salamu yao, niliyoifanyia mazoezi, yeye akanikazia macho akasema:

"Hujambo. Wapi inauma?"

Nikaishiwa nguvu. Mama yule alifanya kazi ya unesi Muscat miaka mingi, na Oman kuna wazee kibao wenye asili ya Unguja ambao mpaka leo lugha ya nyumbani ni Kiswahili, wakiumwa ndo kabisa Kiarabu kinawatoka wanabaki na Kiswahili chao, kwahiyo manesi wa Kerala wanaokota maneno. Cha kwake kilikua cha wodini kitupu: pole, lala chali, vuta pumzi, fungua mdomo, umekula? Hiyo ya mwisho aliniuliza palepale mlangoni. Nikajibu kama bibi alivyonifunza, nimekula Amma (ndo mama kwa lugha yao), nimeshiba. Akaniangalia vile manesi wanavyomwangalia mgonjwa anayesema ameshakunywa dawa.

Sasa hiyo Vallasadya. Kwenye huo mto kila kijiji au mtaa, wao wanauita kara, una chombo chake kinaitwa palliyodam, jumla viko kama 52. Ni kirefu hatari, watu mia moja na zaidi wanaingia, wamekaa wawili wawili na makasia, katikati waimbaji, na tezi yake imeinuka juu kama nyoka aliyesimama, pale juu wanasimama washika usukani wanne, kuna miavuli myekundu yenye nakshi za dhahabu. Hakuna anayeingia na viatu. Wanawake hawapandi, nilimuuliza Amma hilo haliwakeri akasema yeye amezalisha nusu ya hao wanaopiga makasia, mengine tuyaache. Chombo kinahesabiwa ni cha Mungu, wa hekalu pale ni Krishna akiwa dereva wa gari la vita la Arjuna, shujaa wa hadithi zao, wanamuita Parthasarathy. Na chombo si cha tajiri mmoja, ni cha kara nzima, wanachanga, wanakipaka mafuta, wanakijengea banda.

Mtu akiwa na shida yake, mfano wanandoa hawajapata mtoto, anaweka nadhiri kwamba atawalisha wapiga makasia wa palliyodam fulani. Kulisha kwenyewe ndo Vallasadya, inaanza Julai na kuendelea mpaka mwanzoni mwa Oktoba, siku nyingine vinakuja vyombo kadhaa kwa wenye nadhiri tofauti. Vyakula vinapita aina 60. Sitanii, 60 na kitu, vyote vya majani, hakuna nyama wala samaki wala yai, na kila kitu kinatua juu ya jani moja la mgomba.

Siku ile nilikaa kwenye zile ngazi za upande wa kaskazini zinazoteremka mtoni, ziko 57, nilizihesabu maana sikua na kazi. Kwanza unasikia. Kabla hujaona chochote unasikia sauti za wanaume kwa mbali, mmoja anatoa ubeti wengine wanaitikia tithi tara tithi tei, makasia yanafuata hapohapo kwenye itikio, alafu kwenye kona ya mto inatokea ile tezi peke yake juu ya majani, chombo chenyewe bado hukioni. Nilisisimka mwili mzima. Mimi nimezaliwa kwenye mto, nimepiga kasia kabla sijajua kusoma, na sijawahi kuona mto unapewa heshima kiasi kile.

Wenye nadhiri wakashuka kuwapokea kwa taa na tambuu, watu wakazunguka hekalu wanaimba, mimi na wasio Wahindu wengine tukabaki nje. Alafu tukaingia kwenye ukumbi wa chakula, jani mbele yako, ncha nyembamba upande wa kushoto. Wagawaji wanapita na ndoo. Wali mwekundu wenye punje nene, dali na samli, avial ambayo ni mboga mchanganyiko na nazi, maboga na kunde nyekundu, ndizi mbichi za kukaanga, tangawizi iliyopikwa na ukwaju na sukari guru, achari ya embe (na wao wanasema achar, tena meza wanaita mesha, kwa hilo Mreno kapita kote kote), papadi kubwa, na payasam ya maziwa ambayo ukimpa mtu wa pwani atakwambia ni tambi za Idi zimesoma chuo kikuu.

Mimi nikawa nakula kwa adabu ya bibi. Tonge ndogo, macho chini, mgawaji akija nafunika jani kwa mkono.

Alafu wapiga makasia wakaanza kuimba wakiwa wamekaa palepale na mikono imejaa wali. Mmoja anasimama anaimba ubeti, wenzie wanaitikia, na mgawaji anakuja mbio. Nikamuuliza rumeti wanasali? Akasema hapana, wanaomba chakula. Yani vingine vinawekwa bila kuomba, ila vipo vingine havitoki jikoni mpaka viimbwe, na wakiimba lazima vije. Anaimba anataka asali, inakuja asali. Anaimba anataka ndizi mbivu, sukari guru, kisamvu fulani, vinakuja. Kuna ubeti wa kuomba mtindi wa Chenappady, hicho ni kijiji kingine kabisa, na mtindi upo. Na wanaomba kwa maringo! Wanasifia, wanatania, wanadai, mzee wa miaka 70 anadai papadi kwa sauti utadhani kaibiwa ng'ombe. Na mwenye nadhiri, yule baba wa watu aliyegharamia yote hayo, amesimama pale mikono kifuani anatabasamu, kila wakiomba tabasamu linaongezeka.

Hapo kichwa changu kikagoma kabisa, maana kwetu mgeni akikuimbia lete asali, lete mtindi wa kijiji cha pili, siku hiyohiyo anapewa jembe hatusubiri ya tatu.

Jioni tuko barazani nikamuuliza babu, rumeti anatafsiri. Babu alikua muimbaji wa chombo miaka mingi mpaka kifua kikakataa. Hakunijibu moja kwa moja, akanipa hadithi. Kwamba zamani huko juu ya mto, mahali panaitwa Kattoor, alikuwepo mtu wa ukoo wa Mangattu ambaye kila sikukuu ya Onam lazima amlishe mgeni kabla yeye hajala. Mwaka mmoja mgeni hakutokea. Chakula kimeiva, jua linapanda, njia tupu, na yeye hawezi kugusa hata punje. Akaomba Mungu, akatokea kijana mmoja akala, na usiku akaota kwamba yule kijana alikua mwenyewe bwana wa Aranmula. Ndo toka hapo kila Onam inatoka boti Kattoor na mchele na mahitaji yote, inashuka usiku na kufika hekaluni alfajiri, na inasemekana iliwahi kuvamiwa njiani ndo vile vyombo virefu vikaanza kuisindikiza.

Babu akaegemea kiti. Akasema, wewe unafikiri aliyekua na njaa siku ile ni mgeni?

Sikulala vizuri. Nilikua nawaza rumeti alivyokua ananiuliza kila siku unakula kantini, na mimi kila siku namfungia mlango usoni kwa heshima.

Asubuhi tukatembea. Kwenye kuta za nyumba nyingi kuna mstari wa tope, wengine wamepaka rangi umepotea, wengine wameuacha. Agosti 2018 Pamba ilifurika vibaya sana, karibu jimbo zima lilikumbwa, na hapo maji yaliingia usiku, waliokuja kuwatoa watu kwenye mapaa ni wavuvi wa baharini waliopakia maboti yao kwenye malori wakaja mpaka bara bila kuitwa rasmi na mtu. Mvuvi wa bahari anaendesha boti juu ya barabara ya lami, taa za barabarani ziko usawa wa kiuno chake. Ukiwa mtu wa Rufiji hauhitaji kuelezewa, unanyamaza tu. Tukapita mashamba oevu ya mpunga ambako kulitakiwa kujengwa uwanja wa ndege, watu wakagoma, mshairi Sugathakumari ambaye asili yake ni hapohapo akawa mbele, na 2014 mahakama ya mazingira ikafuta kibali. Babu akipita hapo anatema mate upande. Sikuuliza anamtemea nani.

Banda la palliyodam lilininyong'onyeza. Chombo kimepumzika nchi kavu, mbao za anjili, mti wa jamii ya mfenesi, na harufu iliyonipokea ni sifa! Yale mafuta ya samaki tunayopaka vyombo kwetu, harufu ileile inayoganda kwenye nguo wiki nzima. Ndani kulikua na vijana wanakisugua, mmoja anafanya kazi ya kompyuta Bangalore kafika alfajiri, begi la laptop limetundikwa kwenye nguzo, ataondoka Jumapili usiku. Nikamuuliza unalipwa? Akadhani sijui Kiingereza.

Alafu tukaenda kwa mafundi wa kioo. Aranmula kannadi, kama hujawahi kuiona, ni kioo ambacho sio kioo. Ni shaba na bati zimeyeyushwa pamoja kwa kipimo ambacho familia chache tu zinakijua na hawasemi, inamiminwa kwenye kalibu la udongo wa mfinyanzi, ikitoka ni kama sahani ya kijivu haina maana, alafu inasuguliwa kwa mafuta na unga wa kitu kilichochomwa juu ya kitambaa, siku na siku, mpaka uso wako unatokea ndani ya metali. Ikikosewa kidogo inapasuka kama chupa, unaanza moja. Jina lake limelindwa kisheria toka 2004-05, hakuna wa nje ya hapo anayeruhusiwa kulitumia. Kadogo kama kiganja ni maelfu ya rupia.

Fundi akanionyesha kipimo cha kujua ya kweli. Kwenye kioo cha kawaida ukigusisha ncha ya kalamu kuna nafasi kati ya kalamu na kivuli chake, maana rangi inayoakisi iko nyuma ya glasi. Kwenye hii hakuna nafasi, ncha inagusana na ncha. Mimi kwa ushamba badala ya kusubiri kalamu nikaweka kidole. Kidole kwa kidole. Fundi hakunigombeza, akachukua kitambaa akaanza kufuta polepole alama yangu, akafuta, akafuta, na kuifuta ndo ilinitesa kuliko matusi. Ila kabla hajafuta nilijiona. Mashavu yamezama, shingo imekua ndefu. Kioo cha hosteli kina ukungu, kilikua kinanistahi.

Jumapili jioni tunakaribia kuondoka, babu yuko barazani, rumeti anafunga begi, Amma jikoni. Nikasimama pale katikati sijui hata nilipata wapi ujasiri, nikaanza kuimba. Kwa Kimalayalam, lugha ya kule, changu cha sokoni chenye maneno kama 20, kwa ile mahadhi ya makasia, nikaimba Amma, hela hakuna, choru nataka, yani wali, rupia elfu tatu nataka, mwezi wa kumi narudisha. Sauti ilikua mbaya, naomba muelewe, kuku walihama. Nilivyomaliza ubeti kukawa kimya nikatamani ardhi ipasuke. Alafu toka kwenye kiti cha babu, kifua kilekile kilichokataa, ikatoka tithi tara tithi tei. Rumeti akadaka. Nikapata nguvu nikatia ubeti wa pili, nikaongeza achari.

Amma akatoka na mkoba kwapani na chupa ya achari mkononi. Akahesabu noti elfu tatu. Machozi yalikua yananitoka na yeye aliniona, akanishika bega akatumia Kiswahili chake chote kilichofaa pale:

"Vuta pumzi."

Nilirudi Septemba kwa Onam. Siku yenyewe ya Thiruvonam iliangukia tarehe 11, alfajiri tukasimama gizani kungoja ile boti ya Kattoor, unaona taa moja tu inakuja juu ya maji na nyimbo nyuma yake. Amma akanong'ona umekula? Nikamwambia sijala, nina njaa mbaya. Alifurahi huyo.

Hela za wafadhili zikaingia zote kwa mpigo mwezi wa kumi, nikapeleka deni. Nilitegemea atasema aah acha mwanangu, kama akina mama wa kwetu. Wapi. Alipokea akalowesha kidole akahesabu noti moja moja, akazitia mkobani, akafunga zipu. Alafu akasafisha koo akaanza kuimba! Ubeti mzima, babu anaitikia. Nikamtazama rumeti anitafsirie, akasema anaomba kanga, kama zile za wale mabibi wa Muscat, doti nzima, nyekundu.

Mama yangu akanunua, akampa mtu aliyekua anampeleka mgonjwa Chennai kwenye matibabu, zikapanda treni usiku kucha, zikafika Februari 2020, mwezi mmoja kabla dunia haijafungwa. Na Rufiji ilipofurika 2024 simu ya kwanza kuingia kutoka nje ya nchi ilikua ya rumeti, hakusema pole, aliniuliza mnataka nini, na nikamtajia.

Juzi nilimuuliza kama Amma bado anazivaa zile kanga. Akanitumia picha. Kipande kimoja kipo kiunoni kwake, cha pili kakifanya pazia la jikoni, maandishi yako juu chini.